Samaki alikuwa mtamu

Dada yangu ana desturi ya kunipigia simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na tangu nilipohamia Dar es Salaam kutoka Tanga swali lake la kwanza halijawahi kubadilika: wiki yako ilikwendaje? Jumapili moja ya Agosti 2017 nilimjibu kwamba jana yake nilipelekwa Msasani kula samaki na yule bwana niliyekuwa nimemtaja mara mbili tatu. Akafurahi, akataka kujua zaidi. Nikamwambia samaki alikuwa mtamu.

Ni kweli, samaki alikuwa mtamu. Nilichokiacha ni kwamba mhudumu, binti ambaye sidhani kama alikuwa ametimiza miaka 20, alichelewa kuleta chenji ya shilingi 2,000, na yule bwana akamwita kwa kupiga meza, akamuuliza mbele ya watu kama kwao walimfundisha wizi, kisha alipoletewa chenji yake akaiacha pale pale mezani na kuondoka, ili kila mtu aone kwamba hela haikuwa shida yake. Binti yule hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Mimi nikainamia simu yangu kama mtu aliyepata ujumbe wa dharura.

Mimi ni mhasibu, na katika kazi yetu kuna kosa la siku nyingi linalojulikana na kila aliyewahi kukaguliwa: mfanyabiashara anakuwa na vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha kweli anachokifungia kabatini, kingine cha kumwonyesha ofisa wa kodi. Watu hudhani kitabu hicho cha pili kimejaa uongo. Mara nyingi hakina uongo hata kidogo. Kila kilichoandikwa humo kilitokea kweli, na tatizo lote liko katika yale ambayo hayakuandikwa. Jumapili ile, kwa sentensi moja kuhusu samaki, nilifungua kitabu changu cha pili, na sikujua kwamba ningekiandika kwa miezi saba.

Nimesoma orodha nyingi za dalili za kumtambua mwenzi mbaya, na sizidharau, kwa kuwa dalili ya mvua ni mawingu na hakuna ubaya wa kumwonyesha mtu wingu. Udhaifu wake ni kwamba zote zinamtaka mtu amchunguze mwenzake katika kipindi ambacho macho yake hayafanyi kazi sawasawa. Mimi niliziona dalili zake moja baada ya nyingine, na kwa kila moja nilikuwa na maelezo mazuri. Dalili ambayo sikuweza kuitafutia maelezo ilikuwa ndani yangu mwenyewe: mtu ambaye kwa miaka 28 alikuwa akimsimulia dada yake kila kitu, hata mambo ya aibu, sasa alikuwa akipanga Jumamosi usiku maneno ya kusema Jumapili mchana.

Tulikutana kwenye kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Kamati za harusi za Dar es Salaam, kwa asiyezijua, ni vikao vya kila wiki vya watu 20 au 30 wanaokusanya ahadi za michango na kubishana juu ya bei ya ukumbi, na ndoa nyingine nyingi huanzia humo humo, kwenye viti vya plastiki na soda ya mwenyekiti. Mimi nilipewa uhazini kwa sababu ya taaluma yangu. Yeye alishughulikia usafiri. Siku moja hesabu yangu ilipungua shilingi 15,000, naye akaijazia kimya kimya kabla ya kikao kuanza, akanikonyeza. Wiki ya pili alikuwa akiniita mke wangu. Wiki ya tatu aliniuliza kwetu mahari hupangwa na nani. Rafiki zangu wengi walikuwa wamekwisha kuolewa, na sitajifanya hapa kwamba maneno yale hayakuniingia.

Haraka ya namna hiyo ndiyo ambayo watu huitaja kwanza wanapohesabu dalili, na mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Baba na mama yangu walionana mara tatu tu kabla ya posa, na walikaa pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Lakini kabla ya mara hizo tatu mshenga alikwenda na kurudi, na mjomba wa mama alifunga safari hadi Pangani kuulizia ukoo wa baba, kama una ulevi, kama una ugomvi, kama kuna mwanamume wa ukoo huo aliyewahi kumrudisha mke kwao akiwa na majeraha. Na majirani walioulizwa hawakuwa na sababu ya kuficha kitu. Haraka yao ilikuwa na macho mengi. Yetu ilikuwa haraka ya watu wawili ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Katika miezi minne ya mwanzo sikuwa nimefika kwao, sikumjua rafiki yake hata mmoja nje ya ile kamati, na kila nilipoomba nikamsalimie dada yake aliyekuwa akiishi Kimara, dada huyo alikuwa amesafiri. Kwa hiyo leo, mtu akiniambia kwamba mchumba wake ana haraka ya ndoa, siulizi wana muda gani. Nauliza ni nani mwingine anayewatazama.

Niseme na mazuri yake, kwa sababu hesabu yenye upande mmoja hailingani. Nilipougua malaria alikuja na dawa, maji ya madafu na uji aliousonga mwenyewe, uji mbaya sana, nami nikaunywa wote. Mama alipokuja kutibiwa alimpokea stendi ya Ubungo saa kumi na moja alfajiri, wakati huo mabasi yalikuwa bado hayajahamishiwa Mbezi, akambebea mizigo na kumwita mama kwa adabu iliyonifanya nijione nimebahatika. Hayo yote yalitokea, na sikuyaota. Watu wanaotuuliza kwa nini hatukuondoka mapema hudhani tulikuwa tunaishi na shetani. Tulikuwa na mtu aliyesonga uji, na kwa sababu ya uji huo tukamsamehe chenji ya shilingi 2,000 na mengine yaliyofuata.

Yaliyofuata yalianza kwenye simu. Mwanzoni alinipigia mchana mara moja kunijulia hali, nami nikajiona nina mtu anayenijali kuliko wenzangu wote ofisini. Zikawa mara tatu, halafu akawa anataka simu ya video, na kwenye video alikuwa akiniomba nigeuze kamera aone nimeketi na nani. Nikisoma ujumbe wake bila kujibu, zile alama mbili za buluu zilikuwa kesi: ulisoma saa nane na dakika kumi, ulikuwa unafanya nini mpaka saa tisa? Nilikuwa nafunga hesabu za mwezi. Kwetu pwani watu husema wivu ni chumvi ya mapenzi, na wapo wanawake wanaosononeka wasipoonewa wivu. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Siku hizi nadhani tunatumia neno moja kwa mambo mawili. Mtu anayeumia akikuona unacheka na mwingine, kisha akakwambia kwamba ameumia, ana wivu. Mtu anayekutaka ugeuze kamera anafanya kazi ya ulinzi, na mlinzi huwekwa kulinda mali.

Akaniomba namba ya siri ya simu yangu. Nikampa, kwa kuwa sikuwa na cha kuficha. Hoja hiyo ya kutokuwa na cha kuficha imewaponza wengi, nami nilikuja kuielewa baadaye kabisa: nilikuwa na cha kuficha, nacho ni siri za watu wengine, za rafiki yangu aliyekuwa na matatizo ya uzazi, za dada yangu na mumewe, za mama na ugonjwa wake. Zote zilisomwa na mtu ambaye hakuna hata mmoja kati yao aliyemruhusu. Na kwa kuwa nimeahidi kuandika kitabu cha kweli, niongeze kwamba na mimi niliwahi kuifungua simu yake usiku alipokuwa amelala, nikatafuta hadi saa nane, sikupata kitu, na asubuhi nikajichukia zaidi kuliko kama ningepata.

Jambo ambalo mpaka leo nalisimulia kwa shida lilitokea Mwenge. Tulikuwa tumekula chipsi mayai, saa nne usiku ikafika, nikasema nataka kuondoka maana kesho yake nilikuwa na ukaguzi. Akachukua mkoba wangu, akauweka upande wake wa benchi, akacheka. Nikacheka. Nikaunyoosha mkono kuufuata, akauhamisha, akacheka tena. Ndani yake mlikuwa na simu, nauli na funguo za nyumbani. Mchezo huo ulichukua kama dakika 40, na katika dakika zote hizo hakuna mtu aliyenipandishia sauti wala aliyenigusa; yeyote aliyetuona alikuwa akiona wachumba wanataniana. Nilipopewa mkoba nilimshukuru. Neno hilo, asante, ndilo linaloniuma kuliko benchi na dakika 40. Jumapili nilimweleza dada kwamba tulikwenda Mwenge na chipsi zilikuwa za moto.

Fedha sitazieleza kwa urefu, kwa sababu kila msomaji anazo zake. Nilikuwa mwanachama wa kikoba cha wanawake wa mtaa wetu, na nilikuwa na daftari dogo nililoandika hisa na mikopo yangu. Nyuma ya daftari hilo, kwa penseli, kama mtu anayetarajia kufuta, niliandika alichokopa: 50,000, 30,000, 120,000, 20,000, 150,000, 60,000. Jumla ni shilingi 430,000, na niliijumlisha kwa mara ya kwanza mwezi wa sita wa uhusiano wetu, mimi ambaye kazi yangu ni kujumlisha. Nilipomkumbusha ile 120,000, ambayo nilikuwa nimeitoa kwenye mkopo wa kikoba na riba nikawa nailipa mimi, hakukataa deni. Alinuna. Alisema hakujua kwamba anaishi na mkopeshaji, na jioni ile mimi ndiye niliyeomba radhi. Kukopa si dalili ya kitu chochote katika mji ambao kila mtu anamdai mwenzake. Mdaiwa akiweza kumfanya mdai aombe radhi, hapo pana jambo la kutazamwa.

Februari 2018 dada alikuja kukaa nami siku nne, ana kwa ana, bila simu. Usiku wa kwanza tulikuwa tunachambua mchele, akaniuliza kwa nini siku hizi siendi tena kwenye mazoezi ya kwaya. Nikaanza: unajua, dada, yeye anafanya kazi mbali, na anarudi amechoka, na ukizingatia alivyolelewa na mama wa kambo, mtu wa namna hiyo anahitaji... Dada akaacha mchele, akaweka ungo chini.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nimekuuliza habari zako wewe. Wewe unanijibu za utetezi wake."

Sikuwa na la kujibu, nikaenda kuchemsha maji. Lakini nilipokuwa jikoni nilijaribu kukumbuka ni lini kwa mara ya mwisho nilianza sentensi kuhusu maisha yangu bila kuanza na yeye, nikashindwa kuipata.

Hata hivyo sikuondoka siku hiyo, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kuna somo tunalofundishwa ambalo linatumiwa mahali pasipo pake. Nilimfuata shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa somo wangu tangu nilipovunja ungo, mwanamke ambaye amewafunda mabinti wengi na ninayemheshimu hadi leo. Nilimweleza nusu, yaani nilimsomea kitabu cha pili. Akanijibu kwa neno ambalo kila mwanamke aliyewahi kuketi kwenye mkeka wa kufundwa au kwenye sherehe ya jikoni amelisikia: vumilia, mwanangu, ndoa ni uvumilivu. Sikumlaumu, kwani alijibu hesabu niliyompa. Ila nilipokuwa kwenye daladala narudi Tabata nilitambua kwamba mimi sikuwa na ndoa. Uvumilivu unaofundishwa kwenye mkeka ni wa watu waliokwisha kuapishana, wenye watoto, wenye wazee wa pande mbili wanaoweza kuitwa kikao kikakaa. Uchumba ni kipindi cha kuchunguzana. Jina lenyewe la shughuli za wazee wetu wakati huo lilikuwa kupeleleza. Mtu anayevumilia wakati wa kupeleleza ni sawa na mkaguzi anayefika ofisini, akakuta stakabadhi hazipo, akasema atavumilia.

Na hata ndani ya ndoa uvumilivu una ukuta. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko mimi, na bado nimekaa kwenye mikeka mingi bila kuisikia ikitajwa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005, uliofanywa katika nchi 10, Tanzania ikiwa mojawapo, uliwahoji wanawake wa Dar es Salaam na wa Mbeya waliowahi kuwa na mwenzi. Asilimia 41 upande wa Dar es Salaam na asilimia 56 upande wa Mbeya walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Mimi sikupigwa. Ninazitaja takwimu hizo kwa sababu nilikuwa nikizitumia vibaya: kila nilipojiuliza kama hali yangu ni mbaya, nilijilinganisha na waliopigwa, nikajiona niko salama, nikaendelea. Kofi nililifanya kuwa ndio mstari, na kila kilichokuwa upande wa huku wa mstari nikakiita kasoro za kibinadamu.

Lakini shangazi, wakati ananisindikiza kituoni, aliniachia kitu kingine, labda kwa sababu aliniona uso. Aliniambia: mkatalie jambo dogo, halafu ukae utazame. Aliongeza kwamba mwanamume humjui siku unayomkubalia, kwa kuwa siku hiyo kila mtu ni mwema.

Nikakaa wiki nzima natafuta jambo dogo. Aibu iliyoje, kugundua kwamba katika miezi saba sikuwa nimewahi kumwambia mtu huyu hapana hata moja iliyosimama. Nilizowahi kuzisema zote zilikuwa zimeketi chini kabla ya jioni. Hatimaye akanitaka Jumamosi niongozane naye Bagamoyo kwenye shughuli ya rafiki yake. Nikamwambia, kwa upole na bila kutoa sababu, kwamba Jumamosi hiyo siendi, nitapumzika nyumbani. Kutotoa sababu ndiko kulikokuwa kugumu. Nilikuwa nimezoea kuambatisha hapana yangu na vielelezo, kama ombi la likizo, ili mwenye mamlaka akiona vielelezo vinatosha aidhinishe.

Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne zikaja jumbe, nilizihesabu, 43 kati ya saa mbili usiku na saa sita, zikianza na mapenzi, zikapita kwenye matusi, zikamtaja mama yangu na stendi ya Ubungo na mizigo aliyombebea, zikaishia kwenye mapenzi tena. Ule uji wa malaria nao ulikuwemo. Wema wake wote ulikuwa umeandikwa mahali, na sasa ulikuwa unadaiwa, wakati 430,000 yangu ilikuwa kwa penseli nyuma ya daftari.

Ijumaa iliyofuata nilipanda basi la Tanga. Usiku, watoto walipolala, niliketi na dada kibarazani nikamsimulia yote tangu chenji ya Msasani: mkoba, kamera, namba ya siri, hata ile usiku niliyopekua simu yake. Nilianza kila tukio kwa kutaka kulieleza, naye kila mara alinikata kwa maneno yale yale, usinieleze, nihadithie tu. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Nilipomaliza, sikuhitaji ushauri wowote, kwa sababu nilikuwa nimekisikia kitabu cha kwanza kikisomwa kwa sauti yangu mwenyewe, na mtu yeyote mwenye akili timamu angejua ni uamuzi gani unaofuata.

Namna ya kuondoka ina mambo yake, na hapo nitakuwa mkavu. Nilimwambia kwa simu nikiwa kwa dada, mchana, shemeji akiwa sebuleni. Aliniomba tukutane mara moja tu kwa mazungumzo ya mwisho, kule kule kwenye chumba chake, nikakataa, na ningemwomba kila mwanamke akatae. Nilibadilisha namba ya siri ya simu na ya akaunti ya fedha, nikamweleza mwenye nyumba wangu na yule mama lishe wa pale nje kwamba akija mtu huyu mimi sipo. Nilijua pia kwamba mambo yakizidi kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwamba si lazima mtu awe na jeraha ndipo aende kueleza kwamba anatishwa. Alikuja mara mbili. Mama lishe, Mungu amjaze heri, alimwambia nimehamia Mwanza.

Kisha akadai zawadi zake. Alikuwa amenipa simu, na laki mbili aliyoiita kishika uchumba, ingawa hapakuwa na mshenga wala barua wala mzee yeyote aliyeishuhudia. Rafiki yangu mmoja ambaye ni karani wa mahakama alinieleza kwamba kifungu cha 71 cha sheria ile ile kinamruhusu mtu kudai zawadi aliyoitoa kwa matarajio ya ndoa ambayo haikufungwa, endapo mahakama itaridhika kwamba alipoitoa alikusudia iwe kwa sharti la ndoa. Kwa hiyo si kila soda na kila nauli inayodaiwa. Tungeweza kubishana kwamba simu haikuwa na sharti. Sikutaka kubishana. Shemeji alimpelekea simu ikiwa ndani ya boksi lake na laki mbili ndani ya bahasha, pamoja na karatasi niliyoiandika kwa kalamu ya wino, yenye zile tarakimu sita na jumla yake. Hakulipa. Karatasi ile hata hivyo niliifurahia sana, na nakala yake ninayo.

Kuna watakaosema kwamba nimewaonea wanaume. Mdogo wangu wa kiume alikaa mwaka mzima na binti aliyekuwa akimvunjia simu kila alipochelewa kazini, na yeye alichelewa kusema kuliko mimi, kwa sababu alihofu kuchekwa kijiweni. Nilimjua kwa dalili ile ile. Kila nilipomuuliza simu imevunjikaje, alikuwa ameiangusha.

Heshima ya nafsi niliitarajia irudi na kishindo, siku ile ile ya kuachana. Ilirudi kwa vitu vidogo visivyopendeza kusimulia: nilirudi kwaya, nikalipa riba ya kikoba kwa miezi mitano, nikajizoeza kusema siendi bila kuambatisha vielelezo, kwanza kwa fundi cherehani, halafu kwa bosi. Msasani nilirudi peke yangu pia, nikitaka kumtafuta yule binti wa chenji. Hakuwepo tena, na waliokuwepo hawakumkumbuka.

Sasa nina mtu, mwalimu wa sekondari huko Temeke, na sitamwandika sana kwa kuwa hajaniruhusu. Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, tukiwa bado wapya, nilimwambia sitatoka. Akajibu: sawa, pole na kazi, mimi nitakula nyumbani. Nikasubiri hasira hadi Jumapili, na dada alipopiga simu nilikuwa bado nasubiri. Jumapili ya wiki iliyofuata nilimweleza dada kwamba jana yake tulikwenda kula Kigamboni, kwamba kwenye kivuko tulibishana kuhusu jambo la kipuuzi, nikapandisha sauti, akaniambia hapo nimekosea, na kweli nilikuwa nimekosea, nikamwomba radhi, tukakaa kimya kama dakika kumi. Na kwamba samaki alikuwa na chumvi nyingi kiasi cha kutolika, tukamwachia paka. Dada akacheka sana. Akataka kujua kama paka naye alimmaliza.